Indiketa ya Kushoto

Mume wangu ana lugha anayozungumza na wanawake wengine, nami nilikaa naye nyumba moja miaka mingi bila kuijua. Nasema wanawake wengine, ingawa kusema kweli mwanamke ni mmoja tu, na wote waliobaki ni wanaume wenye vitambi na fulana zilizoingia grisi. Lakini mwenye wivu hahesabu kama watu wengine.

Niligundua siku tuliyotoka mazishini Muheza. Yeye ni dereva wa malori makubwa, yale ya tela refu, lakini siku hiyo alikuwa akiendesha kigari changu cha kijani, nami nimekaa pembeni yake. Mbele yetu kulikuwa na lori la saruji lililojaa barabara. Hatukuona chochote isipokuwa mgongo wake. Mara indiketa yake ya kushoto ikaanza kuwaka na kuzima, nikadhani linakata kona kuingia kwenye michungwa. Mume wangu hakudhani hivyo. Alitoka upande wa kulia, akalipita lori lote, tela na kichwa, kisha akabonyeza ile swichi nyekundu ya katikati. Indiketa zote mbili zikawaka pamoja, mara mbili, akazima. Nyuma yetu lori likamulika taa. Nikageuka. Mkono uliotoka dirishani kutupungia ulikuwa na bangili.

"Nani yule?" nikamuuliza.

"Mwenzangu."

Mtu wa bara akilisikia neno hilo ataendelea kutafuna muhindi wake wa kuchoma. Kwetu Tanga, mwenza ni mke mwenzio. Mume hamwiti mwanamke mwenye bangili mwenzangu mbele ya mkewe halafu akategemea kukuta chakula cha moto. Nilinyamaza mpaka Pongwe, na mimi kunyamaza si kawaida yangu, kwa hiyo akaanza kujieleza mwenyewe.

"Lori likiwasha kushoto, dereva anakwambia mbele kweupe, pita. Akiwasha kulia anakwambia tulia, kuna kitu kinakuja. Weye huoni, yeye yuko juu, anaona. Ukishapita unamshukuru kwa hazadi, indiketa zote mbili pamoja. Basi, hakuna jengine."

"Na akitaka kukata kona kwelikweli?"

"Unamwangalia. Akipunguza mwendo, akijipanga, huyo anakata kona. Asipopunguza, anazungumza na weye."

"Na yule mwenye bangili ukimwangalia unamwelewa."

Angeweza kunyamaza hapo. Mume mwenye akili angenyamaza. Yeye akasema, tena kwa sauti ya mtu anayekumbuka chakula kizuri, "Yule ukifuata indiketa yake ni kama umefuata macho yako mwenyewe."

Mimi ndiye niliyemzalia na kumlea mama yake hadi anazikwa, na sijawahi kuambiwa neno kama hilo. Alinifundisha kuendesha gari yeye mwenyewe, na sifa zote alizonipa zilikuwa mbili: punguza, na rudi nyuma.

Hilo la kurudi nyuma lilikuwa ugomvi wetu wa kudumu. Mimi ni muuza kanga. Kila mzigo ukifika nachukua kigari changu hadi Horohoro, mpakani, narudi na marobota kiti cha nyuma, na barabara ile ni ya malori. Nikikuta lori, mimi huwa nalisogelea mpaka karibu, nikae pale nyuma ya tela kwenye kivuli, tayari kuchomoka nafasi ikitokea. Mume wangu alikuwa akinikataza. "Pale ulipo hakuoni," alikuwa akisema. "Kama huoni kioo chake cha pembeni, ujue naye hakuoni weye. Akifunga breki utaingia chini ya tela na hatajua kama kuna mtu." Nilikuwa namjibu kwamba kukaa mahali nisipoonekana nimezoea, nimeolewa na dereva.

Basi baada ya siku ile ya Muheza nikaelewa mambo mengi ya nyuma. Nilikumbuka malori ya Horohoro yaliyokuwa yakiniwashia kushoto, tena mengi tu, na mimi nikipunguza mwendo nikiwalaani madereva wake kwa kutangaza kona wasizokata. Kumbe walikuwa wakinifungulia njia. Mtu mwingine angefurahi kujua. Mimi niliapa kwamba lugha ile sitaitumia. Nisingezungumza kwa maneno ambayo mume wangu alikwisha kuyazungumza na mwingine.

Nikaanza kumchunguza yule mwanamke. Haikuwa kazi, Tanga hakuna mtu asiyejulikana. Wazazi wake walikuja kutoka mbali kukata mkonge, akazaliwa na kukulia kambini, familia ya Kikatoliki. Alianza na trekta la shamba, akapanda lori dogo, sasa anaendesha tela hadi Dar es Salaam na kurudi. Shoga yangu mmoja alinituliza. Aliniambia nisihofu, Mkatoliki hakubali kuwa mke wa pili. Nikamwambia sihofu kwamba atakuwa wa pili, nahofu ni wa kwanza.

Kisha akaja nyumbani.

Ilikuwa baada ya sala ya Ijumaa. Mume wangu alikuwa amesahau simu yake kwenye mizani, pale wanapopima malori na ambapo madereva hukaa wakisubiri zamu na kupiga soga, na yule mwanamke ndiye aliyeiokota. Nilisikia lori likisimama barabarani, nikachungulia, nikaona bangili. Nikarudi chumbani mbio. Mwanamke mwingine angechukua mwiko. Mimi duka langu liko ndani ya nyumba, na silaha yangu imepangwa kwenye rafu kwa rangi. Nilichagua kanga nyekundu yenye jina lililoandikwa kwa herufi kubwa, NJIA YANGU NIACHIE, nikajifunga kiunoni, maneno yakae nyuma, nikatoka kumpokea. Nilipokwenda kumletea maji nilihakikisha nimempa mgongo wa kutosha.

Mgeni alikunywa maji. Akaniomba nisimame kidogo, shemeji, asome. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mume wangu akisikia.

"Njia yangu niachie," akasema. "Maneno ya kweli kabisa haya, shemeji. Haya ndiyo tunayowaambia wenye magari madogo kila siku, hawasikii. Zimebaki nyingine kama hiyo?"

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli, sikuiona. Nilijisemea, haya, mtoto wa kambini, fumbo la kanga atalijulia wapi. Nikaleta doti moja, nikamtajia bei ya mgeni, akalipa bila kuvutana. Mume wangu alikuwa ameinamia kikombe cha chai, mabega yakimtikisika. Yule mwanamke akaondoka na tusi langu kalikunja vizuri chini ya kwapa.

Kuanzia hapo sikupata amani. Nilikutana na lori lake pale Kange, nikaona kanga yangu imetundikwa dirishani mwa kichwa cha lori, imefanywa pazia. Siku chache baadaye nikaona jambo baya zaidi. Kamwambia mchoraji, maneno yale yale yamechorwa kwa rangi nyekundu nyuma ya tela, juu ya bampa, NJIA YANGU NIACHIE. Malori nayo huvaa majina kama sisi tunavyovaa kanga, lakini mimi nilikuwa sijawahi kuona fumbo langu mwenyewe likienda Dar es Salaam na kurudi, likisomwa na kila mtu njiani.

Mwezi huo nilikwenda Kariakoo kutafuta mzigo. Nilipofika Kibaha, barabara ikafunguka, njia nane, nne kwenda na nne kurudi, na malori yamepangwa kushoto kwa utaratibu wao huku magari madogo yakiruka kutoka njia hii hadi ile kama panzi. Nilishika njia moja nikabaki nayo. Kushoto kwangu lori moja lilikuwa likiliashiria lori jingine, likalipisha, wakashukuriana, wakaachana. Hawakuangaliana hata usoni. Njia zikiwa nyingi, nilijiambia, kila mtu huona ya kwake ni ile aliyomo mwenzake. Nikawaonea wivu hata wao, watu nisiowajua, kwa jinsi walivyoelewana bila kugombana. Mimi na mume wangu tulikuwa tukigombana kwa maneno kamili, yenye mwanzo na mwisho, na hatuelewani.

Sikumuuliza. Hilo nataka lieleweke. Nilijua nikimuuliza atanijibu, na jibu likishatoka halirudi. Nilimpikia, nilimfulia, nilimnunia, na kila alipotoka na lori nilitoka nje kutazama kama ataashiria kushoto au kulia mwisho wa mtaa, kana kwamba huko ndiko kungeniambia moyo wake uko wapi.

Halafu, asubuhi moja, simu ikalia. Jina lililotokea ni la mume wangu. Nikapokea, na sauti iliyosema shikamoo shemeji ilikuwa ya kike.

Sikuitikia ile shikamoo. Nilisema, "Simu ya mume wangu imekufikaje tena?"

"Shemeji, mwenzangu kazidiwa. Tuko Segera. Tumbo, tangu alfajiri, na sasa ana homa. Nilitaka kumleta mimi hospitali, lakini nina mzigo mzito, kwenye vilima tutatambaa. Kigari chako kitakimbia. Njoo."

Neno hilo tena, mwenzangu. Nilikwenda nikiwa na hasira na hofu, na siwezi kusema ipi ilikuwa ikikanyaga mafuta. Nilipofika Segera nikamkuta mume wangu amelazwa kwenye benchi la hoteli ya chakula, uso umekuwa wa majivu. Yule mwanamke alikuwa ameondoka punde tu, lazima tulipishana njiani bila mimi kumtazama; mwenye hoteli alisema alisubiri kadiri alivyoweza, tajiri wake akawa anampigia simu juu ya mzigo. Lori la mume wangu lilikuwa limeegeshwa vizuri, funguo zimeachwa kaunta. Na mume wangu amefunikwa kanga nyekundu. Maneno yalikuwa yamemkaa kifuani.

Tukampakia nimkimbize hospitali ya Muheza. Kiti nilikilaza nyuma kadiri kilivyokwenda. Nilimpa maji, kikombe kikamponyoka, mkono haukuwa na nguvu ya kukishika. Niliiacha ile kanga juu yake kwa sababu alikuwa akitetemeka, na kwa sababu sikuwa na nyingine. Muuza kanga mzima nilitoka nyumbani bila kanga ya akiba.

Tulipopita Hale, barabara ikaanza kupanda. Pale kwenye kilima imeongezwa njia ya tatu ili malori yashike kushoto yakitambaa na magari madogo yapite kulia. Na mbele yetu, likitambaa, nikayaona maneno mekundu.

"Nani mbele?" mume wangu akauliza, macho kayafumba. Nadhani alisikia nilivyovuta pumzi.

"Unamjua."

Nikatoka kwenda njia ya kulia, njia iliyokuwa wazi na yangu kwa haki, na papo hapo indiketa yake ya kulia ikaanza kuwaka.

"Amewasha ipi?"

"Kulia."

"Basi tulia."

Nitulie vipi, na njia naiona tupu? Nilijua kilichokuwa kikiendelea. Anajua ni mimi, kakiona kigari cha kijani, na anataka tumfuate nyuma mpaka Muheza ili afike naye hospitali, amkabidhi kwa madaktari yeye mwenyewe. Nikakanyaga mafuta. Nikafika usawa wa magurudumu ya nyuma ya tela, kisha ya katikati, na hapo nikaona kile ambacho yeye alikwisha kukiona kutoka juu: ile njia ya tatu ilikuwa ikimalizika, mistari inaingia ndani, na kutoka kileleni lori la mkonge linashuka.

Nilikuwa ubavuni mwake kabisa, mahali pale ambapo kioo hakionyeshi mtu. Lakini alijua kwamba nipo. Lori lake lilisogea kushoto mpaka magurudumu yakaparaza kokoto za ukingoni, likapunguza kidogo, kidogo tu kwa sababu lina mzigo na ni kilima. Nikafunga breki nikarudi nyuma yake. Lori la mkonge likapita likipiga honi ndefu. Nyuzi za mkonge zilitua kwenye kioo changu.

Nilikuwa nyuma ya tela sasa, karibu mno, bampa langu likitaka kubusu maneno yangu mwenyewe. 

"Rudi nyuma," mume wangu akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Rudi mpaka uone kioo chake."

Kwa mara ya kwanza tangu anioe sikubishana. Nikaachia mafuta. Tela likawa dogo kidogo, kisha dogo zaidi, na kwenye pembe ya kulia kikachomoza kioo kirefu, na ndani ya kioo uso wa mwanamke. Alikuwa ananitazama. Alikuwa na kilemba na miwani, amekunja uso kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Tukatazamana, mimi na yeye, kwa namna ambayo hatukutazamana siku aliyokunywa maji nyumbani kwangu.

Kisha akawasha kushoto.

Sikuona chochote mbele yake. Barabara ilikuwa imebana tena, njia moja kwenda na moja kurudi, na tela lilikuwa limeniziba kama mlango. Usilolijua ni kama usiku wa kiza, na mimi kizani nimeshikwa mkono na mwanamke niliyemtukana kwa herufi kubwa.

"Ipi?" mume wangu akauliza.

Ulimi uliniwasha kusema kulia. Nakiri neno lilinijia hadi kwenye meno. Angeniamini, tungetambaa nyuma yake polepole, na mimi nisingelazimika kumwamini.

Mume wangu akaguna kwa maumivu, magoti yakajikunja chini ya ile kanga.

"Kushoto," nikasema.

"Pita basi. Yule hadanganyi."

Hata katika hali ile alipata nguvu ya kumsifu. Nikapiga hesabu ya wivu, na ndiyo hesabu niliyoifanya, sitaipamba. Kama anataka kuniua mimi, nilijiambia, hawezi kuniua bila kumuua na huyu. Na huyu hatamuua. Kwa hiyo njia ni nyeupe. Nitapita kwa sababu anampenda mume wangu, si kwa sababu ya kingine chochote.

Nikapita. Barabara ilikuwa tupu mpaka macho yanapoishia, hata baiskeli haikuwepo. Nikalipita tela, nikakipita kichwa, sikugeuza shingo. Nikarudi njia yangu nikaongeza mwendo. Shukrani sikumpa. Vidole vyangu vilibaki kwenye usukani, nikaibana midomo.

Mkono wa mume wangu ukatoka chini ya kanga. Ulitoka polepole, ukipapasa, ule ule ulioshindwa kushika kikombe, ukapanda hadi katikati ya dashibodi, kidole kikaipata ile swichi nyekundu bila yeye kufumbua macho. Tik tik. Tik tik. Akazima, mkono ukamwangukia kifuani. Kwenye kioo changu taa za lori zikamulika mara moja, zikaniingia machoni.

Nililia kutoka hapo hadi Muheza. Watu wakidhani nililia kwa hofu ya ugonjwa, niliwaachia wadhani hivyo.

Kilikuwa kidole tumbo. Walimpasua mchana ule ule, wakaniambia tumewahi, angechelewa kidogo kingempasukia tumboni. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi nikiwa nimeipakata kanga iliyokunjwa. Saa ya kuwatazama wagonjwa ilipofika nikaona suruali ya kazi na viatu vya kufunika vikija, na mkononi chupa ya uji. Alikuwa amekwisha kushusha mzigo Tanga na kurudi.

Akaketi. Nikamsogezea kanga. "Kanga yako."

"Yako," akasema. "Mimi niliinunua tu."

Ndipo nikajua. "Ulielewa."

"Shemeji, wazazi wangu ndio waliotoka mbali, si mimi. Mimi nimezaliwa Tanga hii hii. Nilielewa kabla hujanigeuzia mgongo vizuri." Hakuwa anacheka. "Ningefanya nini? Nikigomba, mtaa utasema kweli lipo jambo. Nikinyamaza, kesho utanivalia nyingine. Nikaona niinunue. Fumbo ukishamuuzia mtu, huwezi kumtupia tena."

"Na lile la nyuma ya tela?"

"Lile ni la magari madogo." Akafikiri kidogo. "Ingawa nawe unalo dogo."

Nikamuuliza basi, maana nilikuwa nimechoka. "Weye na mume wangu mna nini?"

"Barabara," akasema. "Mume ninaye, yuko Korogwe, na huyo mmoja ananitosha kunichosha. Shemeji, unadhani mumeo akikaa nasi pale mizani anazungumza nini? Kila dereva mgeni akija anaambiwa jambo hilo hilo, sisi wengine tumelikariri. Kuna kigari cha kijani, kina marobota ya kanga kiti cha nyuma. Ni mke wangu. Ana tabia ya kukaa karibu nyuma ya tela na ukimwambia hasikii. Ukimwona usifunge breki ghafla. Na njia ikiwa nyeupe mwashie kushoto mapema, apite, atangulie, awahi nyumbani."

"Anawaambia wote?"

"Wote. Wanaotoka Kongo Kiswahili chao hatuelewani vizuri, lakini kigari cha kijani wanakijua."

Malori yote ya Horohoro yalikuwa yakinipita akilini, moja moja, yakiniwashia kushoto, na mimi nikiwafyonya. Nilidhani wivu ungeondoka, kumbe ulibadilisha kiti tu. Niliwaonea wivu madereva wote wa mpakani na wa Kongo na wenye fulana za grisi, kwa sababu wao waliambiwa neno hilo juu yangu, na mimi mwenyewe sikuambiwa.

"Mie mbona hakuniambia?"

"Anasema alikuambia," akajibu, akifungua chupa ya uji. "Alikuambia rudi nyuma. Ukanuna."

Mume wangu alipopona walimzuia kuendesha kwa muda, akawa abiria wangu kwa lazima. Nilimchukua Horohoro tukafuate mzigo. Tunarudi, marobota nyuma, yeye pembeni amekaa na mikono mapajani kama mkwe mgeni, tukakuta tela limetangulia, safari hii limepewa mzigo wa mpakani, na juu ya bampa maneno mekundu yameanza kufifia kwa vumbi. Nikakaa mbali. Nilikaa mbali mpaka nikakiona kioo, na ndani yake miwani.

Ikawaka kushoto. Hakupunguza, hakujipanga. Nikatoka, nikapita, nikarudi njia yangu kwa utulivu. Nilipopeleka mkono kwenye swichi nyekundu nikakuta mkono wa mume wangu umekwisha kufika.

Nikaupiga kofi.

"Toa mkono," nikamwambia. "Hapa nazungumza mie."